Maswali ya Wasomaji: Picha za Ndoa Ndogo Mlimani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mpiga picha wa hapa Uyole, Mbeya, na kwa miaka minne nimekuwa nikipiga picha za harusi za ukumbini, ambako taa zipo na ratiba inashikwa na mshereheshaji. Sasa nimepata kazi ya aina nyingine. Maharusi wameamua kufunga ndoa katika shamba la babu yake bibi harusi, kwenye miteremko ya Uporoto, mbele ya watu 30 tu, bila ukumbi na bila muziki mkubwa. Ni Jumamosi ya katikati ya Julai, na familia imepanga ibada ianze saa 8:00 mchana. Nina kamera moja yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55, lenzi nyingine ya milimita 50, na fleshi moja. Naogopa jua la mchana, naogopa ukungu, na zaidi ya yote naogopa kwamba watu wakiwa wachache kiasi hicho kila kosa langu litaonekana. Nijiandae vipi?
Mpiga picha, Uyole

JIBU: Ndugu yangu, katika yote uliyoyaandika, lililonisimamisha ni hiyo saa 8:00 mchana. Vifaa ulivyonavyo vinatosha kabisa kwa kazi hii, lakini hakuna lenzi itakayorekebisha saa iliyopangwa vibaya, na bado una muda wa kwenda kuzungumza na familia kabla kadi za mwaliko hazijasambazwa.

Saa zetu nchini zinafuata mstari wa nyuzi 45 za longitudo ya mashariki, ilhali Mbeya iko karibu na nyuzi 33 na nusu. Kwa sababu hiyo jua la Mbeya hufika juu kabisa dakika 23 hivi baada ya kufika juu Dar es Salaam, na katikati ya Julai hilo hutokea karibu saa 6:50 mchana. Ibada ikianza saa 8:00, jua litakuwa limepita kilele chake kwa saa moja tu na ushei. Macho ya watu yatazama katika vivuli vya paji la uso, kofia za wazee zitawafunika hadi kidevuni, na gauni jeupe litang'aa kupita uwezo wa kamera yako. Omba ibada isogezwe hadi saa 9:30 alasiri. Hapo mchungaji atakuwa amemaliza karibu saa 10:30, mwanga utakuwa umeanza kulala na kuingia machoni mwa watu, nanyi mtakuwa na muda wa picha za familia kabla ya baridi kushuka.

Usiishie hapo, kwa maana jua la kalenda na jua la mlimani ni vitu viwili. Katikati ya Julai jua huzama Mbeya karibu saa 12:40 jioni, lakini hiyo ni saa ya mahali ambapo upeo uko wazi. Ukiwa bondeni, mgongo wa mlima unaweza kulimeza mapema zaidi. Nenda shambani wiki moja kabla, siku yenye anga safi, ukasimame pale pale ambapo maharusi watasimama, na ifikapo saa 10:30 nyoosha mkono, kunja ngumi, kisha hesabu ni ngumi ngapi zinaingia kati ya jua na mgongo wa mlima ambako jua linaelekea. Kila ngumi ni kama nyuzi kumi, na katika latitudo yetu jua huteremka kiasi hicho kwa dakika 40 hivi. Ukihesabu ngumi moja na nusu, ujue una saa moja ya jua, wala huna zaidi. Zingatia pia kwamba mwezi wa Julai jua huzama kaskazini kidogo ya magharibi, hivyo miteremko inayotazama kusini, kama ile ya Loleza iliyo juu ya jiji letu, hupoteza jua mapema kuliko ulivyozoea kuona wakati wa Krismasi. Mpiga picha aliyepeleleza mahali hapo Desemba akarudi Julai bila kupima upya atajikuta kivulini huku bonde la ng'ambo likiwa bado linang'aa.

Unapokwenda kuomba saa ibadilishwe, nenda kwa adabu na uende kwa mtu anayehusika, ambaye mara nyingi ni mwenyekiti wa kamati au mjomba wa bibi harusi. Wazee hawakuchagua saa 8:00 kwa kutojua. Wanafikiria chakula kisipoe, magari ya kukodi yashuke barabara ya vumbi kabla ya giza, na mchungaji arejee kwake. Waeleze kwamba wageni hawatakunja nyuso, kwamba bibi mzee hatachomwa na jua akiwa kwenye kiti, na kwamba wewe utamaliza picha za familia ndani ya nusu saa ili watu wale na kuondoka mapema. Ahadi hiyo ya nusu saa itimize. Wakikataa, usishindane nao. Omba basi viti vipangwe ili maharusi waligeuzie jua mgongo, na tafuta kivuli cha ukuta wa nyumba ambao mbele yake kuna udongo mkavu ulio wazi, kwa sababu udongo huo hurudisha mwanga laini usoni. Kivuli cha mti wenye majani machache kinavutia kwa macho, lakini kwenye picha humwaga madoa ya mwanga juu ya nyuso na gauni, na majani ya karibu hutia rangi ya kijani kwenye ngozi. Afadhali mkongwe wa mti wenye kivuli kizito, au usiutumie kabisa.

Sasa ukungu. Uporoto iko kwenye njia ya upepo wa kusi, ambao huinua unyevu kutoka upande wa Ziwa Nyasa na kuubwaga kwenye miteremko ya Rungwe na Tukuyu, na ndiyo sababu Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na inaweza kunyeshewa hata Julai, wakati mjini Mbeya mnafagia vumbi. Kwa hiyo ukungu uuhesabu kama mgeni anayeweza kufika bila taarifa. Nakuambia hivi kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilipiga picha za ndoa ndogo huko huko Uporoto, na kwa kuwa mandhari yalikuwa wazi kabisa asubuhi, niliwaambia maharusi kwamba picha za bonde na zile za wazee tutazipiga baada ya keki, mwanga ukishapoa. Saa 10:00 ukungu ulipanda kutoka bondeni, na ndani ya dakika kumi hatukuona hata mgomba ulio hatua ishirini mbele yetu. Bonde halikunisumbua sana. Kilichonisumbua, na kinanisumbua hadi leo, ni kwamba bibi mzaa mama wa bwana harusi, aliyekuwa amebebwa kwenye kiti kutoka nyumba ya chini, alisikia baridi akarudishwa nyumbani kabla sijampiga hata picha moja pamoja na mjukuu wake. Familia haikunilaumu. Walinilipa fedha yote na kunifungia viazi na maharage. Lakini kila nilipopita barabara ile nilikumbuka kiti kile.

Tangu siku hiyo nina kanuni ambayo sijaivunja: wazee kwanza, kabla ya ibada ikiwezekana, mara tu wanapofika na kuketi. Ukiwa na watu 30, andika majina au uhusiano wa kila mmoja kwenye karatasi siku moja kabla, ukae na dada au shangazi anayewafahamu wote, na umwombe asimame nawe siku hiyo ili aite watu huku wewe ukipiga. Ukumbini, mgeni aliyekosa picha hupotea katika umati wa mamia. Mlimani kila aliyekuja amechaguliwa, na akikosekana kwenye albamu, nafasi yake inaonekana. Hapo umesema kweli kwamba kosa litaonekana, lakini jibu lake ni karatasi hiyo na shangazi huyo.

Kwa picha ya wote, mteremko utakusaidia. Wapange wakitazama bondeni, wazee wameketi mbele, vijana nyuma yao juu kidogo, na safu zitapandana zenyewe bila kutafuta benchi. Usiwapige ukiwa chini kabisa, kwa kuwa utapata videvu na matundu ya pua. Panda juu ya stuli imara au kiti kinachoshikiliwa na mtu, hadi lenzi ilingane na macho ya safu ya katikati. Weka tundu la lenzi kwenye f/8, kasi ya shata isishuke chini ya 1/200 ya sekunde, fokasi iwe kwenye macho ya safu ya mbele au ya pili, kisha piga picha tano au sita mfululizo, maana katika watu 30 lazima mmoja amefumba macho. Kuna jambo jingine linalokufaa katika mpangilio huu. Mchana, miteremko ikishapata joto, upepo wa milimani hupanda kutoka bondeni, na usiku hushuka. Bibi harusi akitazama bondeni alasiri, upepo utapeperusha shela nyuma yake; akigeuka kutazama mlima, shela itamfunika uso kila dakika na utapoteza picha ya pete.

Katika mwanga wa kawaida, usiiachie kamera iamue yenyewe. Kamera hudhani kila inachokiona kina wastani wa kijivu: ukijaza fremu kwa gauni jeupe au ukungu, itatia giza, na nyuso za watu wetu zitakuwa vivuli visivyo na macho, ukijaza fremu kwa suti nyeusi na miti, itazidisha mwanga hadi lesi ya gauni itoweke. Tumia mpangilio wa mkono, pima mwanga kwenye uso, halafu angalia gauni kwenye grafu ya mwanga na upunguze kidogo kama upande mweupe umegonga ukuta. Hifadhi faili ghafi (RAW), ambazo hukupa nafasi ya kurudisha undani wa ngozi na wa kitambaa kwa pamoja. Kwenye ukungu ongeza mwanga kwa hatua moja, elekeza fokasi mahali suti inapokutana na shati, na zima fleshi, kwa sababu itamulika matone ya maji na kuijaza picha madoa meupe. Ukungu ukitulia, usiukimbie. Hakuna mwanga unaozipendeza nyuso kama huo, na wale wawili wakisimama karibu nawe, na nyuma yao mti mmoja tu ukionekana nusu, utapata picha ambayo ukumbi hautakupa kamwe.

Wakati wa ibada tumia ile lenzi ya milimita 50, ambayo kwenye kamera ya daraja lako huona kwa wembamba wa lenzi ya 75 au 80, ukae pembeni na usisogee ovyo. Mahali pasipo spika, kila mlio wa shata husikika hadi kiti cha mwisho. Kama kamera yako ina hali ya ukimya, iwashe. Kama haina, piga wakati wa wimbo na wakati wa vigelegele, na katika maneno ya kiapo jiruhusu mipigo michache tu. Zungumza na mchungaji kabla, umuulize usimame wapi. Usisahau meza ya cheti: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, na picha ya mikono minne ikitia sahihi, na jiwe safi likizuia karatasi zisipeperuke, ni ya kuwekwa ukutani.

Mengine ni mafupi. Julai usiku huko juu joto hushuka chini ya nyuzi 10, na betri hudhoofika kwa baridi, kwa hiyo beba tatu na uziweke mfuko wa ndani wa koti. Ukiingia jikoni penye mvuke na kamera iliyopoa, lenzi itajaa unyevu. Iache kwenye begi lililofungwa kwa nusu saa kwanza. Beba kadi mbili za kumbukumbu, na usifute hata moja hadi picha ziwe mahali pawili. Azima kamera ya pili kwa mwenzako, hata iwe ya zamani, kwa maana kutoka Uporoto hutarudi Uyole kuchukua nyingine huku mchungaji akisubiri.

SWALI: Mimi na mchumba wangu tunaishi Makambako, na ndoto yetu ni kupiga picha za ndoa katika maua ya Kitulo, tukiwa na ndugu kumi tu. Twende mwezi gani, na je, tunaweza kwenda na mpiga picha wetu na droni yake?
Bibi harusi mtarajiwa, Makambako

JIBU: Hongera, dada. Maua ya Kitulo yanafuata mvua, na msimu wake ni kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukienda Julai au Agosti, ambapo barabara ni nzuri, utakuta majani makavu na asubuhi zenye jalidi. Mandhari yana uzuri wake, lakini si bustani uliyoiota. Kwa hiyo utachagua kati ya maua na barabara, nami ningechagua maua, nikakodi gari lenye nguvu za magurudumu yote manne na kufika jirani, kwa mfano Matamba, siku moja kabla. Katika miezi ya mvua, mara nyingi asubuhi huwa safi na mvua hushuka mchana, kwa hiyo picha zipigwe kati ya saa 1:00 na saa 4:00 asubuhi, na chakula kiliwe baadaye chini ya paa. Uwanda ule uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Bibi harusi mwenye mabega wazi atatetemeka, na kutetemeka huonekana kwenye picha. Tafuta shali nzito ya rangi inayoendana na gauni, uivue kwa dakika chache tu.

Kuhusu ruhusa, Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, kwa hiyo mwandikieni mkuu wa hifadhi mapema, mkieleza idadi ya watu, kwamba mpiga picha analipwa, na mnataka kufanya nini hasa: picha pekee au ibada yenyewe. Lipieni mnachoambiwa na mbebe barua hiyo. Droni ni jambo jingine kabisa. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na juu ya hicho inahitaji ruhusa ya hifadhi. Kwa ndugu kumi, mimi nisingejisumbua nayo. Uwanda ule uko wazi kiasi kwamba mpiga picha akipanda kilima kidogo atapata mtazamo huo huo bila mlio wa kuwafukuza ndege.

Nakuomba jambo moja kwa dhati. Hakuna atakayechuma ua, hata moja la kushika mkononi, wala kulala juu ya maua ili picha ivutie. Kitulo ina zaidi ya aina 350 za mimea, na okidi peke yake ni aina 45. Kabla ya hifadhi kutangazwa, viazi vya okidi hizo vilichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia kwa ajili ya chakula kiitwacho chikanda, na uwanda uliumia. Tembeeni kwenye njia, kaeni ukingoni mwa njia, na mpiga picha ainame ili maua ya mbele yajaze sehemu ya chini ya fremu. Mtaonekana mko katikati ya bustani ilhali hamjakanyaga hata jani. Maua ya kushika mkononi nunueni Makambako au Njombe.

SWALI: Kijana wangu anafunga ndoa Iringa mwezi Oktoba, na baada ya ibada wanataka kupanda jiwe la Gangilonga na ndugu wachache kupiga picha. Hatuna fedha ya mpiga picha kwa sehemu hiyo. Simu itatosha?
Mzazi, Iringa

JIBU: Itatosha, mzazi wangu, ikiwa mambo machache yatashikwa. Oktoba ni mwezi mgumu kwa picha za mchana kwetu, kwa sababu jua hupita utosini kabisa katika latitudo zetu, na jiwe tupu hurudisha joto na mng'ao. Pandeni jioni, baada ya saa 11:00, na mshuke kabla ya giza, kwa kuwa mwanga wa baada ya machweo hudumu dakika 20 hivi tu na bibi harusi mwenye viatu virefu hawezi kushuka gizani. Abebe ndala. Oktoba pia kuna moshi wa mashamba yanayochomwa, ambao hufifisha milima ya mbali. Msiutegemee upeo, badala yake simameni karibu, jiwe lenyewe liwe nyuma yenu.

Anayepiga asafishe lenzi ya simu kwa kitambaa, asivute picha kwa vidole bali asogee kwa miguu, na agandamize kidole kwenye uso wa bibi harusi hadi simu ifunge mwanga hapo, kisha ashushe mwanga kidogo gauni lisiungue. Hali za urembo zizimwe zote. Simu nyingi zikiachiwa hali hizo hulainisha na kuing'arisha ngozi, na mwanao atakuja kumwonyesha mtoto wake mama asiyefanana na mama yake. Picha zikishapigwa, zitumwe kama faili au zihamishwe kwa waya, kwa sababu zikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa ukubwa, na mkitaka kusafisha moja kwa ajili ya fremu ya sebuleni itatoka na ukungu ambao Gangilonga haikuwa nao siku hiyo.